Mlinzi Aliye Ndani ya Chembe: Somo Kuhusu Protini, Urithi na Kansa ya Shingo ya Kizazi



Katika kliniki yetu ya akina mama haipiti wiki bila kuulizwa swali hili: "Nesi, hii kansa inatoka wapi?" Wengine huuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu jirani ameshawaambia kuwa ni kulogwa, au ni laana ya ukoo, au ni adhabu ya Mungu. Sisi wauguzi tumezoea kujibu kwa kifupi, "Ni ugonjwa kama magonjwa mengine," kisha tunaendelea na kazi maana foleni ni ndefu. Jibu hilo si la uongo, lakini halimshibishi mtu. Mwezi huu tumeona tulijibu swali hilo taratibu, kuanzia mahali kansa yenyewe inapoanzia, yaani ndani ya chembe hai moja ndogo ya mwili.

Tunawaomba mtuvumilie katika sehemu ya kwanza, ambayo ina mafundisho kidogo. Mkiielewa hiyo, yanayofuata yatakuwa rahisi, na mtajua kwa nini tunawasihi akina mama waje kupimwa na wasichana wachanjwe.

CHEMBE HAI NA KITABU CHAKE

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Idadi yake inapita trilioni 30. Lakini tofali haliishi, nayo chembe huishi: hula, hufanya kazi, hugawanyika kuwa mbili, na mwisho hufa. Ngozi ikikwaruzwa, chembe za jirani hugawanyika na kuziba kidonda. Zikishaziba, huacha kugawanyika. Hilo la kuacha ni muhimu sana, tutalirudia.

Ndani ya chembe kuna kiini, na ndani ya kiini kuna nyuzi 46 zenye maagizo yote ya mwili. Nyuzi 23 tumepewa na baba na 23 na mama. Zimefanywa kwa kitu kiitwacho DNA. Kama ungezinyoosha nyuzi za chembe moja na kuziunga, zingefika urefu wa mita 2 hivi. Maagizo hayo yameandikwa kwa "herufi" nne tu, zinazopangwa kwa namna mbalimbali. Karibu kila chembe ina kitabu hiki kizima, isipokuwa chembe nyekundu za damu, ambazo zikikomaa hupoteza kiini chake.

Wakatoliki tuna jambo la kukumbuka hapa. Mtu wa kwanza kueleza vizuri namna sifa zinavyorithiwa alikuwa mtawa wa shirika la Mtakatifu Augustino, Padre Gregor Mendel, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri yake huko Brno na kuhesabu kwa uvumilivu zilizotoka za kijani na za njano, zilizonyauka na za mviringo. Alichapisha matokeo yake mwaka 1866, na watu hawakumjali mpaka alipokwisha kufariki.

PROTINI SI MAHARAGE TU

Tukisema "protini" kliniki, akina mama hujibu pamoja: maharage, dagaa, mayai, nyama, maziwa! Ni sawa kabisa. Lakini maharage yakifika tumboni hayabaki protini za maharage. Mwili huzivunja na kupata vipande vidogo viitwavyo asidi za amino, ambavyo viko vya aina 20. Vipande hivyo ni kama shanga. Chembe huzichukua shanga hizo na kuzitunga upya, moja baada ya nyingine, kwa kufuata maagizo ya DNA. Ushanga ukikamilika hujikunja na kupata umbo lake, na umbo hilo ndilo linaloipa protini kazi yake.

Kwa hiyo DNA ni kitabu, na protini ni wafanyakazi. Kitabu peke yake hakilimi shamba. Inayobeba hewa katika damu ni protini. Inayokunja msuli ni protini. Inayomeng'enya chakula ni protini. Na hata zinazoiambia chembe "sasa gawanyika" au "sasa acha" ni protini pia. Herufi moja ya kitabu ikikosewa, ushanga mmoja hubadilika, na mfanyakazi mzima anaweza kuharibika. Ugonjwa wa selimundu unaowatesa watoto wetu ndivyo ulivyo: kosa la herufi moja, ushanga mmoja umebadilika katika protini inayobeba hewa, na chembe za damu zinajikunja kama mundu.

MAFUNDI NA MLINZI

Kitabu cha DNA huharibika kila siku. Jua kali, moshi, sumu za vyakula, na hata joto na maji ya chembe yenyewe huvunja na kuchafua nyuzi hizo. Katika chembe moja, kwa siku moja, madhara hayo huhesabika kwa maelfu. Mbona basi hatuugui sote? Kwa sababu zipo protini ambazo ni mafundi. Hupita juu ya uzi, huona palipoharibika, hukata kipande kibovu na kuweka kipya. Wanasayansi watatu waliochunguza mafundi hawa, Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015.

Lakini fundi anahitaji muda. Huwezi kutengeneza gari likiwa linakwenda. Hapo ndipo anapoingia mlinzi, protini inayoitwa p53. Iligunduliwa mwaka 1979, na kwa karibu miaka kumi wataalamu waliisingizia kuwa ndiyo inayoleta kansa, kwa sababu waliikuta nyingi katika uvimbe. Kufikia mwaka 1989 ikajulikana kwamba waliyokuwa wakiiona imeharibika, na kwamba ile nzima ni mlinzi.

Mlinzi huyu hufanya kazi hivi. Siku za kawaida yuko mchache, kwa sababu chembe humtengeneza na kumwondoa mara kwa mara. DNA ikivunjika, protini nyingine hupiga mbiu, na p53 huacha kuondolewa, hivyo huongezeka haraka. Kisha huamuru mambo mawili. Kwanza, chembe isimame, isigawanyike, mpaka mafundi wamalize. Pili, ikiwa uharibifu ni mkubwa mno, chembe hiyo ijiue yenyewe kwa utaratibu, isije ikazaa chembe nyingine mbovu. Chembe moja hufa, mwili wote unapona.

Sasa fikirini kijiji ambacho sungusungu wake amelewa, au ameuawa. Chembe mbovu itagawanyika bila kutengenezwa. Watoto wake watakuwa wabovu zaidi, nao watagawanyika bila kuacha. Huo ndio mwanzo wa kansa. Si uchawi, wala si laana. Katika karibu nusu ya kansa zote za binadamu, maagizo ya kutengeneza p53 hukutwa yameharibika.

ADUI WATATU WA MLINZI

Adui wa kwanza ni moshi wa tumbaku. Sumu zake hujibandika kwenye DNA, na mahali mojawapo zinapopenda kuharibu ni pale palipoandikwa maagizo ya p53. Anayevuta nyumbani huwavutisha na watoto.

Adui wa pili ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 1991 watafiti wa kansa ya ini kutoka Qidong huko China na kutoka kusini mwa Afrika waliona jambo la ajabu: katika shanga 393 za p53, ule wa 249 ndio uliokuwa umebadilika, kwa mgonjwa baada ya mgonjwa. Ni kama mwizi anayeacha nyayo zilezile kila nyumba. Sumukuvu ikikutana na virusi vya homa ya ini B, hatari huongezeka sana. Nayo ikiliwa kwa wingi huua kwa siku chache: mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya waliugua watu 317 na 125 wakafariki, na mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara. Kwa hiyo kausheni mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo. Yaliyoota ukungu msiyale, msiyapikie pombe, wala msimpe ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu hupita kwenye maziwa. Kupika hakuiondoi. Nao watoto wasikose chanjo zao za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, maana ndani yake imo kinga ya homa ya ini B.

Adui wa tatu ndiye tuliyemkusudia zaidi leo, virusi viitwavyo HPV.

JINSI HPV INAVYOMUUA MLINZI

Aina za HPV ni nyingi. Nyingine huleta chunjua tu. Lakini aina chache ni hatari, na mbili kati yake, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya kansa zote za shingo ya kizazi. Daktari Mjerumani Harald zur Hausen alizigundua katika uvimbe wa wagonjwa mwaka 1983 na 1984, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Kirusi hiki hakina karakana yake. Kinaingia katika chembe ya shingo ya kizazi na kuitumia ili kizaliane. Lakini kinajua kwamba mlinzi yupo. Mwizi mwerevu kabla ya kuvunja nyumba humtupia mbwa nyama yenye sumu. HPV hufanya vivyo hivyo. Hutengeneza protini yake iitwayo E6, ambayo humkamata p53 na kumbandika alama ya takataka. Chembe yenyewe, isijue imedanganywa, humchukua mlinzi wake na kumsaga kama taka. Wakati huohuo protini ya pili ya kirusi, E7, hulegeza protini nyingine iliyo kama breki ya kuzuia chembe kugawanyika. Mlinzi hayupo, breki haishiki. Gari linateremka mlima.

(Breki hiyo ilijulikana kwanza kwa watoto wenye kansa ya jicho. Mama ukiona mboni ya mtoto inang'aa nyeupe kama jicho la paka usiku, usingoje. Mlete hospitali wiki hiyohiyo.)

Mshukuru Mungu kwamba mara nyingi kinga ya mwili hushinda. Kati ya watu kumi wanaoambukizwa HPV, kama tisa huwa wameiondoa katika mwaka mmoja au miwili bila kujua kuwa waliwahi kuwa nayo. Wachache inapobaki, hukaa miaka 15 hadi 20 kabla ya kuwa kansa. Mwenye VVU ambaye kinga yake imepungua anaweza kufika huko kwa miaka 5 hadi 10, na hatari yake ni mara sita ya mwanamke asiye na VVU.

Hapa tunasema neno kwa wanandoa. HPV huambukizwa kwa kujamiiana, na ni ya kawaida mno. Kwa kuwa hukaa miaka mingi kimya, huwezi kujua ilitoka wapi wala lini. Mke mwaminifu anaweza kuipata, na mume mwaminifu anaweza kuwa nayo tangu zamani. Baba, mkeo akiambiwa ana dalili za ugonjwa huu, usimfukuze na usimtukane. Msindikize kliniki.

MAMA TULIYEMCHELEWA

Tunamkumbuka mama mmoja mjane, aliyekuwa akilea wajukuu watatu. Hedhi ilikuwa imekoma miaka mitano. Siku moja akaona damu. Mashoga zake wakacheka, wakamwambia ujana umerudi. Damu ikaja tena, ikawa na harufu, akapewa mizizi ya kuchemsha, kisha dawa ya kuweka ukeni. Alikaa hivyo zaidi ya mwaka. Alipofika kwetu miguu ilikuwa imevimba na mkojo hautoki vizuri. Tulimpa rufaa, lakini ugonjwa ulikuwa umesambaa, na kilichobaki kilikuwa kumpunguzia maumivu.

Kabla hajafariki alituuliza, "Kwa nini hakuna aliyeniambia?" Alikuwa mwanakwaya. Alisali nasi Jumapili zote. Alikuja hospitali hiyohiyo mara nyingi kuwaleta wajukuu kliniki, akapita mbele ya mlango wa chumba cha uchunguzi, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia, "Mama, ingia na wewe." Swali lake ndilo lililotufanya tuandike somo hili.

SIKI INAVYOONYESHA UGONJWA

Kwa kuwa ugonjwa huchukua miaka mingi, tuna nafasi nzuri ya kuuwahi. Uchunguzi ni rahisi. Mama hulala kitandani, muuguzi hutazama shingo ya kizazi, hupaka siki nyepesi, na kungoja dakika moja. Mahali penye chembe zilizoharibika hugeuka peupe. Kwa nini? Ni protini tena! Chembe mbovu zimesongamana na zina protini nyingi, na siki huzigandisha protini hizo, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe ukitiwa katika maji ya moto. Baada ya muda weupe huondoka, na siki hiyo haidhuru.

Pakionekana peupe haina maana kwamba una kansa. Mara nyingi ni mabadiliko yanayotangulia kansa. Yakiwa madogo, huweza kugandishwa kwa baridi kali au kuchomwa kwa joto, na mama akaenda nyumbani siku hiyohiyo. Mahali pengine sasa kuna pia kipimo kinachotafuta DNA ya kirusi chenyewe.

Wanawake wote wenye umri kuanzia miaka 30 waje kupimwa. Wenye VVU waanze wakiwa na miaka 25, na warudi kila wanapopangiwa. Usingoje maumivu, maana mwanzoni hakuna maumivu. Lakini ukiona damu baada ya kujamiiana, au katikati ya mwezi, au baada ya hedhi kukoma, au uchafu wenye harufu mbaya, usingoje hata wiki. Na ikigundulika kuwa ni kansa kweli, bado kuna matibabu ya upasuaji, mionzi na dawa. Wagonjwa hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza, KCMC Moshi na kwingineko. Anayewahi ana nafasi kubwa ya kupona.

CHANJO KWA BINTI ZETU

Baba mmoja alitujia na kusema wazi, "Binti yangu hachanjwi, nimesikia wanataka kumfunga kizazi." Hatukumgombeza. Tulimkalisha, tukamweleza kilichomo.

HPV imevaa koti la protini, na ndani ya koti kuna DNA yake, ambayo ndiyo yenye maagizo ya kutengeneza E6 na E7. Chanjo ni koti tupu. Hakuna DNA ndani, hakuna kirusi, hakuna E6. Haiwezi kuambukiza wala kuleta kansa, na haigusi kizazi. Kinga ya mwili huliona koti, hulikariri, na siku mwenye koti akija kweli hukamatwa mlangoni. Ndiyo sababu hutolewa kabla binti hajakutana na kirusi. Si ruhusa ya kufanya dhambi, kama vile chanjo ya pepopunda isivyo ruhusa ya kukanyaga misumari. Bikira wa leo ni mke wa kesho.

Chanjo hii ilianza kutolewa duniani mwaka 2006. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019. Utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake vijana 2,275 wenye umri wa miaka 15 hadi 20, na kutangazwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa dozi moja ilikinga dhidi ya aina ya 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya kwanza. Tangu mwaka 2024 Tanzania hutoa dozi moja, bila malipo, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Huko Scotland, waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 walipofuatiliwa hadi utu uzima, hakuonekana hata mmoja aliyepata kansa hii.

Baba yule alikwenda kufikiri. Baada ya wiki mbili alirudi na binti wawili, wake na wa ndugu yake.

Hata hivyo, chanjo haikingi aina zote za HPV, wala haiponyi aliyekwisha ambukizwa. Aliyechanjwa naye atapimwa akifika umri wake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Protini p53 ina kazi gani mbili DNA ikiharibika?
2. Kwa nini mama asiye na maumivu yoyote apimwe?
3. Katika jumuiya yetu ni akina mama wangapi waliofikisha miaka 30 na hawajapimwa? Nani atawasindikiza?
4. Ni binti gani wa miaka 9 hadi 14 ambao hawajachanjwa, na wazazi wao wanaogopa nini?
5. Mahindi ya msimu huu tumeyakausha wapi?

Dunia nzima, kwa mwaka 2022 peke yake, wanawake wapatao 350,000 walikufa kwa kansa hii, karibu wote katika nchi maskini na za kipato cha kati. Ni ugonjwa unaoweza kuzuilika. Tunawaomba viongozi wa WAWATA na wa jumuiya walisome somo hili kwa sauti kwa wale wasiojua kusoma. Na wewe mama uliyemleta mtoto kliniki, ukipita mbele ya mlango wa chumba cha uchunguzi, usipite tu. Ingia na wewe.

Mungu awabariki na kuwalinda.